Kidonge ndani ya vyuma chakavu

Kaka yangu ananunua vyuma chakavu hapa Chikongola, Mtwara, na kila nikiliona rundo lake nakumbuka Goiânia. Mwaka 1987, huko Brazili, watu walibomoa mashine ya tiba iliyotelekezwa wakauza chuma chake. Ndani mlikuwa na sesiamu 137, unga wenye mionzi hatari uliong'aa buluu gizani. Watoto wakauchezea. Watu 4 walifariki.

Mimi kazi yangu ni kupiga picha maungio ya mabomba kwa iridiamu 192, nayo ya mionzi, kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi. Kipimo chetu cha mkononi hulia tu. Kujua mionzi inatoka wapi, uzunguke nacho huku mwili unapokea. Kamera ya gama, inayoonyesha miale ya gama (aina ya mionzi) inatoka wapi, ni jambo jingine kabisa. Lenzi haiwezi kupinda miale hiyo, kwa hiyo mbele ya kitambuzi huwekwa bamba zito lenye matundu yaliyopangwa kwa hesabu. Kompyuta inasoma kivuli cha bamba, inaweka doa la rangi juu ya picha ya kawaida: gunia lile, la tatu kutoka ukutani. Nawe umesimama mbali. Umbali ukiwa mara mbili, dozi ya mionzi hushuka hadi robo!

Kaka nimemwambia: ukiona alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu kama ya feni, usifungue, ondoa watu, ita Tume ya Nguvu za Atomiki. Ameichora kwa mkaa juu ya mizani yake.