Kinanda kimezima, kwaya ikashuka

Mazoezi ya jioni hii, Mwanga, Kigoma. Umeme ulikatika ubeti wa kwanza, kwaya ikaendelea kwa sauti tupu.

Wimbo ulianza kwenye ufunguo (key) wa G. Umeme uliporudi ubeti wa tatu, kinanda kikabonyezwa: kwaya iko F! Imeshuka toni nzima na hakuna aliyehisi.

Chanzo mara nyingi ni "mi", noti ya tatu katika do-re-mi. Ikirudiwarudiwa huimbwa chini kidogo kila mara, na sauti zote nne huifuata. Pumzi nayo: ikiisha katikati ya mstari, noti ya mwisho inalegea.

Dawa: sauti ya nne (besi) washike "do" midomo ikiwa imefumbwa, wengine wajenge "mi" na "so" juu yake, taratibu, mara tano sita. Ndipo maneno yaingie. Pumzi ivutwe kabla ya maneno ya wimbo "msalaba wake", kamwe isikate "msa... laba". Jamani, neno hilo ndilo linalobeba wimbo!

Mara ya mwisho, kinanda kimezimwa makusudi, "msalaba" likatoka zima.

Ukumbi kimya.

Wanakwaya wa Ujiji, Kasulu, Tabora: ninyi mnashikaje sauti bila kinanda?