Kisima kilichoonekana kaburi

Nafundisha darasa la awali hapa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka jana nilikuwa na watoto 62 katika chumba kimoja, wengi wa miaka mitano, na zaidi ya nusu yao nyumbani huongea Kimakonde. Shuleni lugha ni Kiswahili. Sera ya Elimu ya 2014 iliweka mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, kwa hiyo tunapokea kila mtoto, naye anakuja na alichonacho mdomoni. Wapo wanaomaliza wiki tatu hawajatoa neno. Watu husema, "Huyu mpole." Mimi sikubaliani nao. Mtoto anayepiga kelele njia nzima akirudi nyumbani si mpole, ila darasani hajaona mlango wa kuingilia.

Mada ya mawasiliano nilikuwa naifundisha kwa picha ukutani. Hii redio, hii simu, hii barua, nao wanaitikia kwa pamoja. Waliitikia vizuri sana, lakini ukimtuma mmoja ofisini akamwambie mwalimu mkuu chaki zimekwisha, anafika anasimama tu mlangoni. Nikaamua safari hii mawasiliano wayafanye kwa mikono yao.

Tulianza na simu ya kopo. Wazazi walileta makopo ya nyanya. Kingo nilizigongagonga kwa jiwe kisha nikazizungushia kitambaa, maana kopo hukata. Uzi ulikuwa ule wa kushonea magunia ya korosho, ambao huku hauna shida kupatikana. Unatoboa kitako kwa msumari, unapitisha uzi, unaufunga ndani kwenye kijiti cha kiberiti ili usichomoke.

Jozi ya kwanza haikutoa sauti, kwa sababu watoto walikuwa wamekaribiana na uzi umelala chini. Sikuwaambia kitu. Mmoja akarudi nyuma, uzi ukakaza, mwenzake akaruka: amesikia! Mwingine akaugusa uzi kwa kidole wakati wenzake wanaongea. "Mwalimu, inatekenya!" Sauti hutikisa kitako cha kopo, mtikisiko unapita kwenye uzi hadi kitako cha pili. Mtoto wa miaka mitano huwezi kumweleza hilo likamwingia, lakini kidole chake kilishaelewa. Akaubana uzi, simu ikakatika. Akaachia, ikarudi. Walirudia hivyo mpaka kengele ikalia.

Faida ambayo sikuitarajia ni kwamba kopo huwezi kuliweka mdomoni na sikioni kwa wakati mmoja. Watoto wangu, ambao kila mmoja hujibu kabla swali halijaisha, wakaanza kungojeana.

Binti mmoja alikuwa hajawahi kusema neno darasani. Nilimpa kopo, nikaenda kusimama mbali nisimtazame. Alinong'ona "medi". Mwenzake upande wa pili, Mmakonde kama yeye, akapaza sauti: "Maji! Kasema maji!" Binti akaweka kopo tena mdomoni. "Maji," akasema.

Bibi yake, anayeuza mihogo ya kuchemsha karibu na stendi, alinisimamisha jioni. "Mwalimu, huyu mjukuu wangu analala na kopo." Akanisimulia kwamba utotoni mwake msiba ukitokea ngoma ilipigwa, na kwa mlio tu watu wa kijiji cha pili walijua ni msiba au ni sherehe. Nilimwomba aje kuwaeleza watoto. Alikuja, akapiga meza kwa viganja, nao wakawa wanabashiri.

Kisha tukaingia kwenye barua. Mwalimu niliyesoma naye chuo anafundisha Mikindani, pwani kabisa, tukakubaliana madarasa yetu yaandikiane kwa picha, kwa kuwa hawajui kusoma. Kila mtoto achore kitu kimoja cha kwao. Tulikwenda Posta kwa mafungu, wakabandika stempu wenyewe. Nilipowaambia barua huku kwetu haiendi mlangoni kwa mtu bali kwenye Sanduku la Posta, walinihoji sana juu ya hilo sanduku: lina ukubwa gani, na nani ana ufunguo.

Majibu yalipokuja, nilimsomea yule binti swali aliloulizwa: "Nani amekufa kwenu?"

Alikuwa amechora kisima cha kwao. Huku juu maji ni ya shida, nyumba nyingi huvuna ya mvua kwenye mashimo yaliyosakafiwa kwa saruji. Kwa juu unaona mfuniko mpana wa saruji tu. Watoto wa Mikindani waliona kaburi. Binti alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga. "Mimi nimechora kisima!"

Nilitaka kumwambia kuwa ni wao waliokosea, nikajizuia. Nikaliuliza darasa: tuongeze nini ili wajue? Hapo ndipo mazungumzo bora ya mwaka mzima yalipotokea. Ndoo. Kamba. Bati la nyumba na mfereji unaoshusha maji. Mmoja akasema tuchore mvua. Walibishana kama kamba inatosha, maana na mbuzi hufungwa kamba. Wakati huohuo watoto wangu walikuwa wamepokea picha ya dema, wakakubaliana wote kwamba ni tenga la kuku, hadi nilipowaambia humo hunaswa samaki. Binti yule akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Na wao wangechora samaki," akasema.

Alichora upya: mvua, bati, mfereji, mfuniko umefunguliwa, ndoo ikiwa nusu ndani. Ilimchukua siku mbili.

Bahasha ya pili ilikaa karibu wiki tatu. Ndani, kwenye karatasi yake, mtu wa Mikindani alikuwa amechora kisima kilekile, na watoto saba wamepanga foleni, kila mmoja na ndoo kichwani. Binti alihesabu vichwa kwa kidole, akanigeukia.

"Mwalimu, wamekuja kuteka."