Dawa za lupasi ya figo na biashara yangu ya dagaa

Lupasi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na kwangu ilishambulia figo, miguu ikavimba. Miguu iliponywea, Kibirizi nzima, mwaloni kwetu Kigoma, ilisema nimepona. Mkojo haukukubali, protini ilikuwa bado inavuja. Tangu hapo siamini mwili wangu mpaka nione majibu ya maabara, na hilo ndilo lililonifanya nimeze dawa hata siku ninazojisikia mzima kabisa.

Kinyama cha figo kilichochukuliwa kwa sindano Dar es Salaam kilionyesha daraja la 4, yaani zaidi ya nusu ya vichujio vimeguswa. Nikaanzishiwa dawa za kushusha kinga: prednisoloni na dripu za saiklofosfamaidi, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili, mara 6. Siku ya dripu nilihimizwa kunywa maji na kukojoa mara kwa mara, maana mabaki ya dawa hiyo hukiunguza kibofu.

Kisha ikaja kuchagua dawa ya kuendelea nayo baada ya dripu, kati ya maikofenoleti na azathioprini. Bado nataka mtoto, na maikofenoleti huharibu mimba. Nikasema waziwazi, tukachukua azathioprini. Dada zangu, lisemeni hilo mapema, msingoje kuulizwa. Azathioprini nayo huweza kushusha chembe nyeupe, kwa hiyo kipimo cha picha kamili ya damu hakikosi.

Prednisoloni ilinijaza mashavu. Wateja wakadhani biashara imenikubali! Dawa hiyo haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Haidroksiklorokwini, dawa yangu nyingine ya lupasi, ilimshtua mama: "Mwanangu, hii si ile klorokwini iliyokuwa ikituwasha?" Ni ndugu yake, mama, ila hii inataka macho yapimwe.

Taabu ilikuwa kazi. Dagaa wanataka jua, na lupasi hailitaki. Mdogo wangu ndiye anayeanika na kugeuza. Mimi napokea mitumbwi alfajiri, napatana bei, jua likichomoza nimeshaingia kibandani, mikono mirefu na mtandio.

Homa ikipanda sinunui dawa ya malaria dukani. Naenda hospitali siku hiyohiyo na kuwaambia natumia dawa za kushusha kinga, ili malaria ikikosekana wasinirudishe nyumbani bila kutafuta kingine. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayouzwa mitaani kama peremende, siigusi hata magoti yakiuma vipi, figo haziitaki.

Sasa protini imeshuka, na prednisoloni imebaki miligramu 5 asubuhi baada ya uji. Kuhusu mimba, daktari anataka figo zitulie angalau miezi 6 kwanza. Haidroksiklorokwini nitaendelea nayo hata nikibeba.