Siku moja na vivuli: zamu yangu kwenye meza ya picha za anga

Saa 11 alfajiri. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi meza, macho mekundu. Mawingu yametanda tangu usiku wa manane, kamera zimeambulia patupu, wameponea rada. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, kwa hiyo giza na mawingu haviizuii. Ila picha yake ni chengachenga za kijivu; usipoizoea utaona mambo yasiyokuwepo.

Saa 12 na nusu. Kikao kabla ya ndege kuruka. Yupo rubani wa droni, mwendesha kamera, fundi, mtu wa hali ya hewa na sisi wa picha. Kamanda ana swali moja: kuna nini kando ya ule msitu? Swali likieleweka vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Saa 3. Droni iko juu. Barabara tupu. Barabara tupu. Chai.

Saa 5. Mawingu yamepasuka, na pembeni mwa msitu kuna kitu kimefunikwa turubai. Naweka picha ya jana kando ya hii: jana hapakuwa na kitu. Turubai linaficha umbo, lakini kivuli halikifichi. Karibu yake kuna lori la aina ninayoijua, kimo chake mita 3, kivuli chake kwenye ardhi tambarare mita 2. Kivuli cha hiki kitu ni mita 3. Basi kimo chake ni mita 4.5. Alama za matairi zinaingia, hazitoki.

"Ni mtambo wa makombora, afande?" kijana wa mafunzo ananiuliza, ameshasisimka.

"Andika 'huenda'."

Mwaka wangu wa kwanza niliandika "mizinga" kwa kujiamini kabisa. Kumbe mabomba ya kumwagilia shamba. Kesho yake maji yakaonekana yakitiririka. Nilitaniwa miezi.

Wageni wakija kikosini huomba kuona ndege. Meza hawaiulizi, nami huwa nawasimulia habari ya Kuba. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, inayoruka zaidi ya kilomita 20 juu, ilipita na kupiga picha. Makombora ya Kisovieti yalitambuliwa siku iliyofuata, na watu waliokaa kitini wakiinamia filamu.

Saa 9 alasiri. Simu kutoka makao makuu: wanataka jibu la ndiyo au hapana. Nawapa kimo, mahali, saa ya picha, na "huenda" yangu. Sauti ya upande wa pili haikufurahi. Naomba droni ipite tena jioni, jua likiwa upande mwingine, tuone kivuli kinavyolala.

Saa 11 jioni. Daftari la makabidhiano: "Turubai kando ya msitu, 4.5 m. Angalieni alama za matairi zinazotoka."