Siku moja kwenye meza ya sahihi: mchujo wa kura za posta jimboni Washington

Kila nikiwaambia watu wa nyumbani Mombasa kwamba nafanya kazi ya uchaguzi huku Marekani, hunifikiria nimesimama mlangoni mwa darasa la shule ya msingi, foleni imezunguka uwanja tangu alfajiri, na chupa ya wino iko mkononi. Katika jimbo la Washington foleni hiyo haipo. Tangu 2011 sheria inazitaka kaunti zote ziendeshe uchaguzi kwa posta. Karatasi ya kura inakufuata nyumbani siku 18 au zaidi kabla ya siku ya mwisho. Unaijaza mezani pako, unaitia kwenye bahasha, unaweka sahihi kwenye bahasha ya nje, unairudisha, na gharama ya posta imeshalipwa. Kinachofuata baada ya hapo ndicho watu wasichokiona, nami ndicho ninacholipwa kukifanya kila msimu. Nimechagua Jumanne ya tarehe 6 Agosti 2024, siku ya mwisho ya mchujo, yaani uchaguzi wa awali unaochuja wagombea wa kwenda Novemba.

Saa kumi na moja alfajiri. Chai, swala, basi.

Saa kumi na mbili na nusu. Beji shingoni. Mkoba na simu vinabaki kabatini, na kalamu yoyote ya bluu au nyeusi inabaki nje, kwa sababu hizo ndizo rangi za wapiga kura. Sisi tunapewa nyekundu tu. Nikiweka alama kwa bahati mbaya mahali, kila mtu ataiona kuwa ni yangu. Naipenda kanuni hii kuliko zote.

Saa moja. Kazi inaanza. Bahasha zimeshapita kwenye mashine inayozipanga na kupiga picha sahihi ya kila moja. Mimi nakaa mbele ya kioo cha kompyuta: upande huu sahihi iliyo kwenye bahasha, upande ule sahihi tulizo nazo kwenye daftari la wapiga kura, nyingi zikitoka kwenye leseni za udereva. Tumefundishwa kwa vigezo vya polisi wa jimbo tuangalie mlalo wa herufi, mkono unavyoanza na unavyoishia, nafasi kati ya jina na jina, mkia wa herufi ya mwisho. Zinazolingana zinapita. Ninayoitilia shaka siwezi kuikataa peke yangu. Inakwenda kwa macho mengine, yenye sahihi zaidi za kulinganisha. Ikishindikana hapo, mpiga kura anaandikiwa barua, na ana muda wa kurekebisha hadi siku moja kabla ya kaunti kuidhinisha matokeo. Safari hii ilikuwa hadi tarehe 19 Agosti.

Huwa naulizwa na Wakenya wenzangu, tena kwa ukali, kwamba bila wakala wa chama chumbani na bila Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za rais kituoni, kubandikwa mlangoni, nani analinda hizo kura? Swali ni la haki. Sisi tumeona uchaguzi wa rais ukifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 2017 kwa sababu ya njia matokeo yalivyosafirishwa. Basi jibu langu ni hili. Waangalizi wa vyama wako humu wakitazama. Kamera ziko juu. Kwenye meza yangu bahasha imefungwa. Naona jina, sioni kura. Ikishapita inakwenda kwa watu wanaofanya kazi wawili wawili, wanaitoa bahasha ya ndani kutoka kwenye ile yenye jina, zinachanganywa, ndipo inafunguliwa. Anayejua jina haioni kura, na anayeiona kura hajui ni ya nani. Mashine zinaanza kusoma karatasi mapema, lakini hakuna jumla inayotolewa kabla ya saa mbili usiku ya siku ya mwisho.

Saa tatu, saa nne. Sahihi, sahihi, sahihi. Macho yanaanza kuwasha.

Saa tano. Naitwa kaunta. Kuna mtu hataki kuzungumza Kiingereza, na kwenye zamu yetu Kiswahili ni mimi.

Alikuwa mzee wa Kikongo, suti ya kijivu na tai katika joto la Agosti, faili ya plastiki kifuani. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaniangalia kama mtu anayepima kama nami ni wa upande wa pili. Kisha akatoa barua yetu na kuilaza kaunta. Barua ilikuwa Kiingereza kitupu. Mwanawe alikuwa amemsomea kwamba sahihi yake "haikulingana", na yeye akaelewa kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kusimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani angeelewa: wanasema nimeghushi.

"Mama, miye si mwizi," akasema. "Miye njo nilisaini."

Nikamweleza kwamba hakuna aliyemwita mwizi, kwamba kuna fomu moja tu, aweke sahihi yake na aoneshe kitambulisho, kura yake ihesabiwe. Akakataa fomu. Nikisaini ii, akasema, nitakuwa nimekubali kama ile ya kwanza ilikuwa ya bongo, yaani ya uongo. Nikaeleza tena. Akafungua faili: pasipoti, cheti cha uraia, kadi ya kazi ya zamani, na picha yake siku ya kiapo cha uraia, mkono wa kulia juu. Vyote akavipanga kimoja kimoja, vikajaza kaunta. Nyuma yake foleni imeanza kukua, watu wanaangalia saa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga akaondoka. Sijui kama alirudi. Mzee akataka kumwona mkubwa wangu. Mkubwa akaja, akaeleza kwa Kiingereza, nikatafsiri, mzee akasema huyo amesema yale yale uliyosema wewe.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilikuwa nimesimama karibu saa nzima, mgongo unauma, na kura yake ilikuwa inasubiri kitendo cha sekunde tano. Nikavuta karatasi tupu nikamwomba, kwa sauti ambayo sikuipenda baadaye, aniandikie sahihi aliyoweka siku alipochukua leseni, alipokuwa mgeni nchini. Akafikiri. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikamwomba aandike ya sasa. Mkono ukaruka: mstari mmoja mrefu wenye kitanzi mwanzoni na mkato chini. Nzuri sana. Aliipata, akaniambia, kwenye darasa la watu wazima, baada ya miaka ya kujifunza jioni akitoka kazini.

Nikamwonesha zote mbili. Hii iko kwenye daftari, baba. Hii iko kwenye bahasha. Zote ni zako, na kompyuta hailijui darasa lako.

Akaziangalia kitambo, akasema: "Sasa mutu hawezi kujifunza?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Mwaka 2022 mkaguzi wa hesabu wa jimbo alitoa ripoti juu ya uchaguzi wa Novemba 2020: kura za wapiga kura weusi zilikataliwa kwa kiwango kilicho mara nne ya zile za wazungu. Wakaguzi hawakukuta ushahidi kwamba wanaokagua sahihi walikuwa wakibagua, nami naamini, kwa sababu najua tunavyofanya kazi. Lakini siku hiyo kaunta niliona njia mojawapo ambayo pengo kama hilo linaweza kupatikana bila mtu kukusudia ubaya. Mtu anapojifunza kuandika ukubwani, sahihi yake inakua, na daftari linabaki na mtoto.

Aliweka sahihi. Ile mpya, ili daftari nalo liifahamu. Nikamwambia anaweza kuifuatilia kura yake kwa simu aone imekubaliwa. Akasema simu haiamini, atarudi Ijumaa mwenyewe kuuliza. Akakusanya vitu vyake polepole, picha ya kiapo mwisho. Fomu yake sikuikagua mimi. Nilishazungumza naye, kwa hiyo ilikwenda kwa wengine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Saa saba na nusu. Nikala wali wa jana nimesimama.

Alasiri sikumbuki saa kwa mpangilio. Nilihamishiwa simu. Mchujo wa hapa unawachanganya hata waliozaliwa hapa, kwa sababu si kura za maoni za chama kama tunazozijua. Hakuna anayejiandikisha kwa chama. Wagombea wote wa vyama vyote wako kwenye karatasi moja, unachagua mmoja kwa kila nafasi, na wawili wa kwanza wanakwenda Novemba hata wakiwa wa chama kimoja. Utaratibu huo ulianza kutumika 2008. Mwaka huo wa 2024 nafasi ya gavana peke yake ilikuwa na majina 28, na watu walikuwa wakitia alama mbili, wakifuta, wakipiga simu wamekata tamaa. Kata mstari juu ya uliyemkosea, mama, kisha jaza unayemtaka. Ndiyo, inakubalika. Mwingine kamwaga kahawa: ilete hivyo hivyo, karatasi iliyoharibika watu wawili wanainakili kwenye safi ili mashine iisome. Mwingine hajajiandikisha kabisa: njoo kabla ya saa mbili usiku, siku ya mwisho bado inaruhusiwa, lakini uje mwenyewe.

Na swali moja, tena na tena, mpaka sauti ikakauka: nikiiweka posta sasa hivi itahesabiwa? Itahesabiwa ikipigwa muhuri wa leo. Lakini ikiwa lori la posta limeshapita, muhuri utakuwa wa kesho, na muhuri wa kesho hauna huruma. Nenda kwenye sanduku la chuma la kurudishia kura la mtaani kwako. Nenda sasa. Mwanamume mmoja alinijibu kwamba sisi tunaziiba kura zote kwa hiyo haina maana. Nikampa anwani ya sanduku lililo karibu naye. Akanyamaza, akaniomba niirudie taratibu aandike.

Saa mbili usiku. Masanduku yakafungwa kwa kufuli. Waliokuwa kwenye mstari wakati huo waliruhusiwa. Jumla za kwanza zikatoka, watu wakapiga makofi kidogo, nasi tukaanza kupokea mapipa ya masanduku hayo, mazito kuliko ya asubuhi.

Wengi wanadhani usiku huo ndio mwisho. Katika mchujo huo huo, nafasi ya kamishna wa ardhi za umma ilikuwa na wagombea saba, na vita ikawa ya nafasi ya pili. Zilipoisha kuhesabiwa kura za karibu watu milioni 1.9, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba kaunti zote 39 zilihesabu upya kwa mkono. Dave Upthegrove alimpita Sue Kuehl Pederson kwa kura 49, akaenda Novemba, akashinda. Arobaini na tisa, jimbo zima. Barua za sahihi zilizorekebishwa zilikuwa nyingi kuliko hizo.

Saa nne na nusu usiku, kwenye basi, miguu imevimba. Mombasa kumekucha, saa mbili na nusu asubuhi, na mama ametuma sauti.

"Haya, nani kashinda? Mushamaliza kuhesabu?"

"Bado, mama. Nyengine ziko njiani, kwa posta."

"Basi nenda kalale."