Sindano iliniondolea njaa, nikalazimika kujifunza kula upya

Ndoo ya maji ndiyo iliyonishtua. Ni ileile ya lita 20 ninayoitoa kwenye simtanki na kuipeleka bafuni kila asubuhi. Siku hiyo niliinyanyua, nikafika nusu ya kibaraza, mikono ikaanza kutetemeka. Nikaitua, nikakaa kwenye ngazi nahema. Nilikuwa wiki ya tisa natumia sindano ya semaglutide. Mizani ilikuwa imeshuka kutoka kilo 104 hadi 95 na watu wananipongeza. Kumbe sehemu ya kilo zile ilikuwa misuli yangu.

Nina kisukari cha aina ya pili, na sindano niliandikiwa na daktari baada ya vidonge peke yake kushindwa. Alinianzishia miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, kisha 0.5. Alinieleza kwamba dawa inaiga homoni inayotolewa na utumbo tukishakula, ile inayoupa ubongo taarifa ya shibe, na pia inachelewesha chakula kutoka tumboni. Maneno niliyaelewa. Sikujua tu mwilini itakuwaje. Wiki ya tatu nilipita jioni kwenye mabanda ya chipsi Mbagala, moshi na harufu vyote puani, nisitamani kitu. Mimi, niliyezoea kuwaza chakula cha mchana huku kikombe cha chai ya asubuhi kiko mkononi! Nilipanda daladala machozi ya furaha yananilengalenga.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Njaa haikuja, na mimi sikula. Asubuhi chai ya rangi na nusu andazi, mchana vijiko vinne vya wali, usiku nalala hivyohivyo. Nikaona ndiyo kupungua kwenyewe. Mwezi wa tatu wa sindano nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, mafungu kwa mafungu.

Baada ya kisa cha ndoo nikaenda kwa mtaalamu wa lishe. Akaniambia, "Dada, nitajie kila kilichoingia mdomoni tangu jana asubuhi." Nikataja, akaandika, kisha akanigeuzia karatasi niisome mwenyewe. Wanga, wanga, sukari, wanga. "Hapa cha kujenga mwili kiko wapi?" Sikuwa na jibu. "Njaa usiisubiri, dada, haitakuja. Kula kwa saa."

Aliangalia kwanza vipimo vyangu vya figo, kwa kuwa mwenye kisukari ambaye figo zina shida hupangiwa protini kwa namna nyingine. Zangu zilikuwa salama. Akanipa lengo la gramu 80 hivi za protini kwa siku, akanisisitizia kwamba kwenye sahani protini ndiyo inatangulia, mboga inafuata, ugali au wali mwisho kama nafasi ipo. Mwanzoni ilinigomea, maana sisi tumekuzwa tukiamini mboga ni ya kusukumia ugali.

Siku yangu ya kawaida sasa iko hivi. Saa moja asubuhi, mayai mawili ya kuchemsha, karibu gramu 12. Saa nne, glasi ya mtindi usio na sukari, gramu 8 hivi. Mchana, kipande cha samaki, changu au kibua, kinachotosha kiganja changu, cha kuchemsha kwa ndimu na nyanya, ambacho peke yake ni kama gramu 25, pamoja na mchicha. Saa kumi, nusu kikombe cha kunde au choroko. Usiku, kuku wa mchemsho na supu yake. Siku ambazo hata kutafuna ni mzigo, naweka vijiko viwili vya unga wa dagaa kwenye mboga na maisha yanaendelea. Dagaa wamenisaidia kuliko kitu chochote cha kopo nilichowahi kununua kwa bei ya kutisha.

Kichefuchefu kilikuwa kinanikamata siku mbili za mwanzo baada ya sindano. Kiini chake kwangu ni mafuta. Tumbo tayari linakwenda polepole, ukiliongezea chapati za mafuta au wali wa nazi, chakula kinakaa hapo hadi usiku wa manane, unacheua tu. Nikahamishia sindano Alhamisi jioni ili Ijumaa na Jumamosi nile supu na uji mwepesi wa ulezi, kidogokidogo. Nimejifunza pia dalili yangu ya shibe: nikicheua mara ya kwanza naweka kijiko chini. Nikiongeza matonge mawili baada ya hapo natapika, nimejaribu mara ya kutosha. Choo kigumu nacho kilinitesa mpaka nilipogundua kwamba hata kiu ilikuwa imepungua. Sasa chupa ya lita moja na nusu naimaliza kabla ya kutoka kazini, na papai halikosekani nyumbani.

Kwa misuli, nakaa na kusimama kwenye kiti mara kumi, mizunguko mitatu, siku nne kwa wiki. Kula protini bila kuitumikisha misuli hakutoshi, hilo nilielezwa waziwazi.

Kuna ndugu alinitumia namba ya mtu anayeuza kwa nusu bei kalamu za sindano, yaani vile vifaa vyenye umbo la kalamu ambavyo dawa huja ndani yake. Nilikataa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko ziliingia, kwetu zitashindwaje? Nanunua famasi kwa cheti, na nikikosa hela nampigia daktari.

Kilichoniumiza zaidi ya kichefuchefu ni watu. Kwetu ukikonda unaumwa. Mama alipokuja kutoka Tanga aliniangalia kwa muda mrefu mlangoni, hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwanangu, unanificha nini?" Jioni akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapakua kwenye sinia, tukakaa mkekani na watoto. Nilikula kidogo nikaacha. Akaacha na yeye. Usiku huo nilimwonyesha kila kitu: kalamu, karatasi ya mtaalamu, vipimo vya sukari vya mwanzo na vya sasa. Alisoma kimya, miwani ikimteremka puani.

Kesho yake sinia lilipowekwa, alimchambua samaki mwiba mmoja mmoja kwa vidole vyake, akausogeza mnofu wote wa mgongoni upande wangu. "Hii ndiyo yako," akasema. "Wali waachie watoto."