Uzi ukinasa: siku yangu kliniki ya saratani, Moshi

Saa 12 na nusu asubuhi. Mlima uko wazi leo, Kibo yote inaonekana. Nashuka daladala, saa 1 na nusu tunapokezana zamu.

Saa 3. Majibu ya damu yametoka. Kijana aliyetoka Rombo alfajiri, chembe zake nyeupe ziko chini mno. Daktari kasogeza dozi wiki moja. Machozi yanamlenga. Nakaa naye benchi. Namweleza kwamba uboho wa mifupa unazaa chembe za damu usiku na mchana, na dawa zetu hupiga chochote kinachogawanyika, kibaya na kizuri. Ndiyo maana yeye hupewa dozi kila baada ya siku 21, uboho upate kujijenga. Tukilazimisha leo, maambukizi madogo tu yanaweza kumwondoa.

Saa 4 na nusu. Mama mmoja fundi cherehani, saratani ya titi. Dawa yake ni doksorubisini, nyekundu kama juisi ya rozela. Naisukuma polepole, jicho liko kwenye mshipa, maana ikivujia nje inaunguza nyama.

"Inawasha, mama?"

"Hapana. Ila sista, ugonjwa uko kwenye titi, nywele zimekosa nini?"

Swali zuri. Namwambia mizizi ya nywele nayo hugawanyika haraka, dawa haiwezi kuitofautisha na uvimbe. Dawa yake ya leo huharibu DNA, maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Ile atakayohamia baadaye, paklitakseli, hushika nyuzi. Seli ikitaka kuwa mbili hutandaza nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu, vifurushi vya DNA hiyo, nusu huku, nusu kule. Paklitakseli hugandisha nyuzi hizo, seli inakwama katikati.

"Kumbe uzi umenasa, cherehani haiendi."

Ndivyo hasa! Na seli nyingi zikikwama hivyo hujiua. Hapa mimi hushangaa kila siku: seli hunywea, hukatakata DNA yake, humeguka vipande, na seli jirani huvimeza bila kuacha kidonda. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie waliupa ufaji huu jina la Kigiriki lenye maana ya majani kupukutika, apoptosisi. Seli za mwili hufa hivyo kila siku. Ya saratani ndiyo inayokataa.

Saa 8. Mtoto wa leukemia, saratani ya damu. Dawa yake ni vinkristini. Inatoka kwenye ua la vinka, lile la waridi linalopandwa uani. Bibi yake anataka kulichemsha nyumbani. Namshika mkono: "Bibi, tafadhali, usithubutu, ni sumu."

Saa 10. Kijana wa Rombo bado anasubiri gari. Namwandikia tarehe mpya na namba ya wodi, akipata homa apige hata usiku.